Mlipuko haukusubiri ukimbie

Imezunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp video ya lori la mafuta lililopinduka, watu wamelizunguka na madumu, ndoo, hadi masufuria. Madumu hayakunishangaza. Ugumu wa maisha naujua na bei ya petroli naijua. Kilichoniuma ni sauti ya kijana aliyekuwa karibu na anayerekodi: "Moto ukianza si tutauona? Tunakimbia." Wenzake wakaitikia, wakaendelea kukinga.

Imani hiyo haikuanzia barabarani. Tumelishwa tangu utotoni kwenye vibanda umiza: jamaa anatembea taratibu, ghala linalipuka nyuma yake, wala hageuki. Au anakimbizwa na moto kwenye korido ndefu, anajirusha dirishani, anatua mtoni na kuibuka na mkwaruzo mmoja shavuni. DJ anayetafsiri anamwagia sifa na ukumbi mzima unashangilia. Nami nilishangilia kama wengine, na sinema hizo nazipenda mpaka leo. Ila mtoto anayeziona kila Jumamosi anakua akiamini kwamba mlipuko una mwendo wa mtu, kwamba unakuja huku unakuonyesha unakuja.

Ndiyo maana nakitetea kipindi cha televisheni cha MythBusters kila nikisikia mtu anakiita upuuzi wa Wamarekani wenye hela za kuchoma. Adam Savage na Jamie Hyneman walitoka kwenye karakana za kutengeneza vifaa vya sinema, kwa hiyo walijua uongo wa sinema unavyopikwa. Tangu 2003 hadi 2016, wao pamoja na Kari Byron, Tory Belleci, marehemu Grant Imahara na wengine, walichukua mambo ambayo kila mtu anayasema na hakuna aliyeyapima, wakayapima mbele ya kamera. Wakilipiga tenki la mafuta la gari kwa risasi za kawaida, linatoboka na kuvuja, basi. Mtungi wa gesi ukipigwa bastola haulipuki kama bomu. Ili wapate mlipuko kama wa sinema iliwabidi waweke baruti wenyewe au watumie risasi maalumu za kuwashia moto.

Naona kabisa hoja ya wanaokibeza. Majaribio mengi yalifanywa mara chache mno kuitwa utafiti, na milipuko mingine ilikuwa ya kuvutia watazamaji tu. Lile lori la zege walilolisambaratisha kwa zaidi ya kilo 380 za baruti halikuwa na swali lolote kubwa la kujibu. Mwaka 2011 tufe lao la mzinga lilitoka nje ya uwanja wa majaribio kule Dublin, California, likatoboa nyumba ya watu na kuishia kwenye gari lililoegeshwa. Kwamba hakuna aliyeumia ni bahati, na lawama walistahili. Hayo nayakubali.

Lakini walitufundisha jambo moja ambalo sinema haitatufundisha kamwe: unachokiona kwenye mlipuko mara nyingi sicho kinachokuua.

Moto wa sinema kwa kawaida ni petroli iliyorushwa hewani kwa baruti kidogo. Unavimba polepole, rangi ya chungwa na moshi mweusi, kwa sababu kamera inaupenda hivyo. Mwigizaji yuko mbali nao, lenzi ndiyo inayomsogeza aonekane ameponea chupuchupu. Baruti kali kama TNT haina urembo huo. Ni mmweko mfupi, vumbi na kishindo. Ndani ya TNT mlipuko husafiri karibu mita 6,900 kwa sekunde. Usain Bolt, akiwa kwenye kasi yake ya juu kabisa, alikwenda mita 12 na kidogo. Linalotangulia ni wimbi la mgandamizo wa hewa, na hilo huwezi kuliona likija. Linapasua viwambo vya masikio na kujeruhi mapafu. MythBusters walikuwa wanatega visahani vyembamba vinavyopasuka presha ikifika kiwango fulani, kisha wanakwenda kuvikagua kimoja kimoja. Mlipuko wenye nguvu ya kumrusha mtu mita kadhaa unakuwa umeshamuua kabla hajatua.

Waliokuwa Mbagala Aprili 2009 na Gongo la Mboto Februari 2011, maghala ya mabomu ya jeshi yalipolipuka Dar es Salaam, hawahitaji kipindi cha kuwaeleza haya. Sisi wengine tunakihitaji.

Sasa turudi kwenye petroli, maana huko ndiko tunakofia. Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo unatoka hata kwenye baridi kali kuliko ya friza, sembuse jua la Morogoro. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauruki juu ukapotea. Unatambaa chini, unashuka mtaroni, unafuata mteremko kama maji, mpaka ukutane na jiko la mkaa la mama ntilie, sigara, cheche ya betri au pikipiki inayowashwa. Ukishakutana nayo, moto unarudi kwa njia ileile, na wewe na dumu lako mko katikati. Yule kijana anadhani ataona moto unaanzia kule halafu yeye akimbilie huku. Hakuna kule na huku. Amesimama ndani ya kitu chenyewe kitakachowaka, kimemfika magotini, kimeingia kwenye nguo zake.

Hesabu malori ya mafuta yaliyokwisha kuwaka hivyo. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019: zaidi ya watu 100 walikufa. Sachangwan kule Kenya, Januari 2009: zaidi ya 100. Sange, Kivu Kusini, Julai 2010: zaidi ya 200, na wengi wao hawakuwa wamegusa hata tone. Walikuwa wamekaa wanatazama Kombe la Dunia, moto ukawakuta hukohuko. Kila mara viongozi wanafika, wanasema wananchi wana tamaa, wanaondoka. Nimechoka na neno hilo. Tamaa inaeleza kwa nini mtu alikwenda na dumu. Haielezi kwa nini alibaki pale akiwa ametulia, na watoto pembeni yake.

Na sisi tunaojiona waelewa hatujambo? Kila kituo cha mafuta kina tangazo la kuzima simu. MythBusters walijaribu kuwasha mvuke wa petroli kwa simu wakashindwa. Kilichofanikiwa kuuwasha ni cheche za umeme tuli, ule unaotoka kwenye mwili wa mtu na nguo zake. Wakati huohuo anayejaza mafuta anakutajia namba ya kulipia kwa simu hapohapo kwenye pampu, na jirani yako anajaza petroli kwenye chupa ya plastiki bila mtu kumuuliza. Nyumbani je? Nimemwona fundi kwa macho yangu akitafuta gesi inapovujia kwa njiti ya kiberiti. Kulikuwa na sabuni ya unga kwenye karai hatua mbili kutoka alipokuwa amechuchumaa. Ukipaka povu kwenye maungio ya mpira na regyuleta, penye uvujaji viputo vinavimba mbele ya macho yako.

Televisheni zetu zina saa nzima za vichekesho na saa nyingine za kuchambua usajili wa Simba na Yanga. Naomba nusu saa. Tena jaribio la kwanza halihitaji hata kulipua lori. Zimamoto wachukue bati refu lililokunjwa kama mfereji, waliinamishe, waweke mshumaa unaowaka chini na kitambaa chenye petroli kidogo juu. Kwa sekunde chache hakuna kinachoonekana. Halafu mwali unapanda mfereji mzima kutoka kwenye mshumaa hadi kwenye kitambaa, bila mtu kugusa chochote. Lifanywe na wao wenye mafunzo na vizimia moto, lirekodiwe kwa karibu, lirudiwe polepole. Kisha walipeleke Chalinze, Mikumi, Ruaha Mbuyuni na kila kijiji cha barabara ya Tunduma, walionyeshe kwenye vibanda umiza vilevile, kabla ya sinema ya jioni kuanza.