Sweta Yenye Kushoto Mbili

Mama mkwe wangu alipotuarifu kwamba angekuja Njombe mwezi wa Juni akitokea Tanga, nilijua kwamba baridi ya huku, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, ingemdaka hata kabla hajashuka kwenye basi. Kwa kuwa nilikuwa nimejigamba kwenye simu kwamba hakuna mtindo wa kufuma unaonishinda, aliniagiza sweta ya vifungo, yenye misuko, na mikono yake iwe mifupi. Mikono mifupi, Njombe, mwezi wa Juni! Alieleza kwamba mikono mirefu humlowa anapoosha vyombo, nami sina ubavu wa kubishana na mama mkwe.

Msuko huhitaji sindano ndogo ya tatu ya kushikilia vitanzi vinavyosubiri zamu, kwa hiyo niliichonga kutoka kwenye spoku ya baiskeli ya mume wangu bila kumsumbua kwa taarifa. Unavitoa vitanzi vitatu, unaviacha vikining'inia mbele, unafuma vitatu vinavyofuata, kisha unavirudia vile vya kwanza. Ukifanya hivyo kila baada ya mistari minane, kamba inajipinda katikati ya sweta kama nyoka aliyeshiba. Pembeni mwa misuko nilipokezana kitanzi cha mbele na cha nyuma, hadi kitambaa kikaonekana kama kimemwagiwa mchele.

Mgongo ulitoka vizuri, na kipande cha mbele cha kushoto kilitoka vizuri zaidi, kiasi kwamba nilipita nacho kwa majirani wawili ambao hawakuwa wameuliza. Kipande cha pili nilikifuma kwa nidhamu ya kijeshi: nilikitandaza cha kwanza mapajani na kukinakili kitanzi kwa kitanzi, ili visitofautiane hata kidogo.

Havikutofautiana. Usiku wa kuamkia ujio wa mama nilivipanga kitandani, na makwapa yote mawili yakatazama dirishani. Mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni ili aulize habari za spoku, alitazama kwa muda mrefu.

"Mama Neema, kwani mama yangu ana mikono yote upande mmoja?"

Sweta yenye sura moja nje na ndani ingenisitiri, kwani ningekigeuza tu kile kipande. Lakini mgongo wa msuko hauna msuko, una mabonde na vinundu kama ganda la fenesi. Nyuzi zilikuwepo za kufumua na kuanza upya, ila usiku haukutosha. Nilikigeuza hivyo hivyo, nikaunganisha, nikaweka vifungo, nikalala bila kusali.

Pale stendi mama alishuka akitetemeka ndani ya khanga mbili. Nilimwamkia, nikamvalisha haraka. Akapapasa upande wa kushoto, akapapasa wa kulia, akarudi kushoto. Nami wakati huo ndipo nilipokumbuka kwamba huyu mzee alikuwa fundi cherehani.

"Hii ndiyo mitindo ya sasa, mama," nikasema.

"Naona," akajibu, akiishusha khanga begani ikafunika upande wote wa kulia. Haikuondoka hapo kwa wiki mbili, na katika kila picha ya familia amekaa ubavu.

Siku ya kuondoka, akiwa tayari dirishani mwa basi, aliniita karibu.

"Mama Neema, mfumie na baba yenu. Ila yake iwe na kulia mbili, ili tukikaa pamoja tukamilike."