Lebo mpya kwenye traka ya bagi: "mtandao" sawa, "haraka" hapana

Kuna tim hapa Kampala inatengeneza apu ya sacco za boda, sasa wanabishana kama waongeze lebo tatu za kudumu kwenye traka ya bagi, yaani orodha ya ripoti za hitilafu za apu: "mtandao", "simu-ndogo" na "haraka". Wako GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kusimamia programu, ambako repo mpya (mradi mpya) inakuja na lebo tisa tayari, kina "bug", "duplicate" (imerudiwa), "wontfix" (hatuirekebishi) na wenzao, ndiyo maana wengine wanauliza zingine za nini.

Wanaotaka "mtandao" nawaelewa kabisa. Angalia ripoti zinavyoingia: ajenti wa Mbale anaandika "inazunguka tu", wa Masaka "nimebonyeza tuma, ikakata pesa mara mbili", mwingine "imekwama", kumbe wote ni shida ileile, netiweki imekatika katikati ya kutuma na apu haijui kama pesa imefika ama bado. Ukitafuta kwa maneno hupati kitu maana kila mtu anaeleza kivyake, basi anayefungua traka asubuhi anaona vibagi vitatu badala ya bagi moja kubwa. Hapo lebo inafanya kazi ambayo kutafuta kwa maneno hakuwezi.

Lakini "haraka" bana! Nani ameshawahi kuripoti bagi akasema yake isubiri? Debian, mradi wa mfumo huria wa kompyuta, wao uzito wa bagi wameuweka mbali na tagi (ndiyo lebo zao), una ngazi zake kutoka "critical" (hatari kabisa) mpaka "wishlist" (ombi tu) na kila ngazi imeandikiwa maana, mfano "critical" ni bagi inayovunja programu zingine zisizohusika au inayopoteza data vibaya, siyo kwamba bosi amepiga simu amekasirika. Lebo ya haraka isiyo na maana iliyoandikwa, nusu ya traka itaivaa na hakuna atakayeiangalia tena.

Upande wa kuongeza wanapenda kutaja Kubernetes, mradi mkubwa wa programu ya kuendesha seva, eti mbona wana lebo chungu nzima. Ni kweli, ila kule roboti inabandika "needs-triage" (bado haijachambuliwa) yenyewe, ripoti ikikaa siku 90 kimya inapewa "stale" (imechacha), 30 zingine inakuwa "rotten" (imeoza), na kuna watu wa kupitia hizo foleni. Tim ndogo ikikopi orodha ile, nani atazipitia?

Cha kukopi mimi naona ni kingine cha Debian: mtu anaruhusiwa kubandika tagi zake binafsi chini ya imeili yake bila kuomba wasimamizi, ikionekana inasaidia wengi ndiyo una hoja ya kutaka iwe rasmi. GitHub haina hiyo lakini mnaweza kukubaliana neno moja, mliandike kwenye komenti za ripoti kwa mwezi hivi, halafu mlitafute muone ripoti zimefika ngapi. "Simu-ndogo" ningeipitisha huko kwanza, au hata isiwe lebo, modeli ya simu iulizwe kwenye fomu ya kuripoti basi.

Na ripoti za zamani je? Lebo mpya haijibandiki yenyewe kwenye ripoti za nyuma. Kama hakuna wa kuzipitia, "mtandao" ianzie kwenye ripoti mpya, na tarehe ya kuanza iandikwe kwenye maelezo ya lebo, la sivyo mtu atahesabu mwisho wa mwaka adhani netiweki iliharibika siku mliyoiweka.