Nilivyopima waifai mpaka dirishani kwa jirani

Jumamosi moja hapa Tabata umeme ulikatika asubuhi, ukarudi baada ya kama nusu saa, na tangu hapo intaneti kwenye laptopu yangu ikawa inajikokota kama fuso la vitunguu linapanda Kitonga. Na saa nane mchana nina kikao cha Zoom na bosi. Nikasema leo tutajuana.

Sasa mimi kuna jamaa ofisini alinifundisha kitu kimoja tu cha kompyuta, unafungua lile dirisha jeusi unaandika netsh wlan show interfaces halafu unashuka mpaka penye Signal unasoma asilimia. Basi toka siku ile najiona fundi. Nikaandika, ikaja 41%. Ahaa, mchawi kapatikana.

Rauta nikaitoa nyuma ya tivii nikaipandisha juu ya kabati la koridoni, antena nikazisimamisha wima kama masikio ya sungura. 41. Nikasogeza pipa la maji peke yangu maana maji yanameza mawimbi (na kweli yanameza, hapo sikudanganywa), nikalowa mpaka soksi. 41. Nikachukua sufuria kubwa la pilau nikaliegesha pale kwenye rauta eti lirudishe mawimbi upande wangu, Mama Zawadi kasimama na ungo wa mchele ananiangalia tu hasemi kitu. 41.

Nikaona isiwe tabu, kama rauta haisikii nahama mimi. Nikabeba laptopu. Jikoni 55. Bafuni 63. Nikafungua mlango wa uani, 72! Hata mtoto wa chekechea angejiuliza inakuwaje unaikimbia rauta na namba inapanda, mimi nachekelea tu nafuata namba kama mbwa kasikia harufu ya mishkaki, macho kwenye skrini, laptopu nimeinyanyua kwa mikono miwili, nikapita kwenye mwanya wa michongoma bila hata kujua nimepita, 80, 88, 97!

"Hapo hapo!" nikapiga kelele.

"Hapo hapo nini, Baba Zawadi?"

Kuinua macho, nipo dirishani kwa jirani. Dirisha la chumba cha kulala. Mama wa watu kajifunga khanga, nusu ya kichwa kasuka nusu bado.

"Shikamoo mama, nilikuwa... natafuta signo."

"Signo chumbani kwangu? Baba! Njoo umuone huyu!"

Mzee akatoka na bukta na ufagio wa chelewa. Aliyeniokoa ni kijana wao wa kidato cha pili, alichungulia skrini akakaa chini kwa kicheko. "Anko, mbona hii waifai yetu?" Jina la waifai yao, USIOMBE PASIWEDI, limeandikwa pale juu kwenye SSID, halafu limerudiwa chini tu ya Signal kwenye Profile, yaani mara mbili, na mimi asubuhi nzima naangalia asilimia tu. Pasiwedi walinipa wenyewe mwezi uliopita bando langu lilipokata. Kumbe wao wana inveta, umeme ulipozima rauta yangu ikafa, yao ikabaki hai, laptopu ikahamia kwao, na umeme uliporudi yenyewe wala haikurudi, imenogewa.

Mzee akashusha ufagio. "Kwa hiyo pipa nililosikia linaburuzwa ndo ilikuwa hiyo signo?"

"Ndiyo mzee. Shikamoo."

Nikarudi nyumbani, nikaunganisha waifai yangu mwenyewe. 29%. Nikaondoa sufuria, 58. Nikairudisha rauta pale pale nyuma ya tivii ilipokuwa toka mwanzo, 90. Mama Zawadi akachukua sufuria lake, bado hajasema kitu.

Jioni nafungua laptopu kwenye orodha ya waifai za mtaani, USIOMBE PASIWEDI haipo tena. Kuna mpya inaitwa BABA ZAWADI ONDOKA DIRISHANI. Na mtaa mzima unaiona.