Paji la uso la Mklingon na madeni ya Star Trek kwa watazamaji wake

Mabishano ya mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga za mbali, kuhusu mwendelezo wa hadithi, yaani kama yanayosimuliwa leo yanapatana na ya jana, yana umri unaokaribia ule wa tamthilia yenyewe, na mfano unaotajwa kuliko yote ni paji la uso. Waklingon, jamii ya wapiganaji kutoka sayari nyingine, walipoonekana mara ya kwanza mwaka 1967 walikuwa waigizaji waliopakwa rangi usoni, wakawekewa nyusi nene na ndevu za kidevuni. Filamu ya 1979 ilipotoka, walikuja na matuta ya mfupa kwenye paji. Hakuna aliyeeleza chochote.

Mwaka 1996, Deep Space Nine, mojawapo ya tamthilia za Star Trek zilizokuja baadaye, iliadhimisha miaka 30 ya Star Trek kwa kuwaingiza wahusika wake ndani ya picha za tamthilia ya kwanza. Worf, Mklingon wa zama mpya, amekaa kwenye baa, na wale Waklingon wa zamani wenye paji laini wamo humohumo. Wenzake wanamgeukia wakisubiri jibu. Anawaambia kwa mkato kwamba jambo hilo hawalizungumzi mbele ya watu wa nje. Miaka tisa baadaye, tamthilia nyingine ya Star Trek, Enterprise, ikatumia sehemu mbili nzima kulieleza: wanasayansi wa Kiklingon walichezea vinasaba vya binadamu walioboreshwa, kikazuka kirusi, na waliopona wakabaki na paji laini.

Wapo wanaosema jibu la 2005 lilikuwa heshima kwa mtazamaji aliyefuatilia miaka yote. Ulimwengu wa kubuni hauna shahidi mwingine ila maneno yake wenyewe. Ukijikana, nani atauamini? Wengine wanasema ile kauli moja ya Worf ilitosha, tena ilikuwa hadithi bora zaidi, kwa kuwa ilituonyesha mtu mwenye fahari akificha aibu ya watu wake. Nimezitazama zote zaidi ya mara moja, na hapa nawaunga mkono hawa wa pili. Habari ya kirusi naielewa, ila kinachonirudia kichwani ni uso wa Worf.

Lakini kusema "hadithi nzuri kwanza, mengine baadaye" ni kurahisisha mno, na Voyager, nayo tamthilia ya Star Trek, ndiyo inayonizuia. Ilianza 1995 kwa ahadi nzito: chombo kimoja kimetupwa umbali wa miaka-nuru 70,000 kutoka nyumbani, safari ya miaka 75, na njiani hakuna kituo chao hata kimoja. Katika msimu wa kwanza tunaambiwa zimebaki topido (makombora ya chombo) 38, na hakuna namna ya kupata nyingine. Mashabiki wakaanza kuhesabu. Hesabu ikapita 38, na topido zikaendelea kurushwa. Wanaowacheka wahesabuji hawa hawaoni kwamba ile idadi ndiyo iliyobeba hofu yote. Ukimwambia mtu akiba ya ghalani inakwisha, kisha kila siku akaona sahani zimejaa, siku utakayomwambia nyumba inaungua hatanyanyuka.

Mwaka 1997 ikaja, humohumo Voyager, hadithi ya sehemu mbili ambamo chombo kinapigwa mpaka kinabaki gofu, Tuvok, afisa usalama wake, anapofuka, na mwisho nahodha wake, Janeway, anakigongesha kwenye meli ya adui. Muda unarudi nyuma, kila kitu kinakuwa kizima, na hakuna anayekumbuka. Imeandikwa kwa ustadi mkubwa, na bado inaniuma kwamba maumivu yote yale hayakumbadilisha mtu hata mmoja.

Waandishi wana utetezi wao, na una uzito. Kwa miongo mingi vituo vya televisheni vya Marekani vilinunua vipindi vya marudio na kuvirusha kwa mpangilio wowote, kwa hiyo hadithi iliyojifunga ndani ya wiki moja ilikuwa sharti la biashara. Nao walioandika zile sehemu 79 za kuanzia 1966 hadi 1969 wangejuaje kwamba watu wangekuja kuzikagua picha kwa picha?

Utetezi huo haufiki kwa Discovery, tamthilia ya Star Trek ya 2017. Iliwekwa takriban miaka 10 kabla ya Nahodha Kirk wa tamthilia ya kwanza, ikiwa na injini ya kuvu inayoruka umbali mkubwa kufumba na kufumbua, na Michael Burnham, dada wa kulelewa wa Spock, afisa maarufu wa Kirk, ambaye kwa nusu karne hakuwahi kutajwa. Mwishoni mwa msimu wa pili, 2019, chombo kikavushwa zaidi ya miaka 900 mbele, na Spock akapendekeza waliobaki wakatazwe kukitaja, pamoja na injini na Burnham. Kumbukumbu za zamani zikapona. Gharama yake ni kaka aliyempoteza dada milele na kunyimwa hata jina lake, ili tu mwaka 1966 usiguswe. Kisha misimu mitatu iliyofuata haikubanwa na historia yoyote ya Kirk, na malalamiko kuhusu uandishi hayakukoma. Kwangu hilo linaipunguzia nguvu sana hoja kwamba mwendelezo ndio unaowafunga waandishi mikono.

Mwendelezo ninaoutetea uko kwingine. Mwaka 1990, katika tamthilia ya The Next Generation, Nahodha Picard alitekwa na Borg, viumbe nusu mashine, na akili yake ikatumiwa kuangamiza vyombo 39 vya upande wake kwenye vita vya Wolf 359. Kwa desturi ya wakati ule, baada ya kuokolewa angerudi kitini kama kawaida. Ronald D. Moore akaandika sehemu isiyo na vita: Picard anakwenda Ufaransa, kwenye shamba la mizabibu la familia, anapigana na kaka yake Robert mpaka wanagaagaa matopeni, wanacheka, na kicheko kinageuka kilio. Januari 1993, Deep Space Nine ikafunguliwa kwa vita hivyohivyo, ndani ya chombo ambamo mhusika wake mkuu, Benjamin Sisko, analazimika kumwacha mkewe Jennifer aliyekufa. Baadaye anakutana na Picard, ambaye anamuuliza kama wamewahi kuonana. Sisko anajibu kwamba ndiyo, vitani. Aliyeanza na Deep Space Nine anaielewa hasira ya Sisko. Aliyemwona Picard kwenye yale matope anawaelewa wote wawili, na hajui amhurumie nani.