Chumba cha TV hosteli si anasa

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dar ambacho sitakitaja. Juzi kanitumia picha ya tangazo lililobandikwa ngazini kwenye hosteli yao. Ni mistari miwili tu: marufuku kuwa na TV chumbani, na ukumbi wa TV wa chini unageuzwa stoo ya vitanda na magodoro. Wasichana walipokwenda kumuuliza wodeni, wakajibiwa kwa ufupi, "Si mna simu?"

Nimelitafakari jibu hilo siku nzima na kila nikilirudia linanichoma zaidi. Simu wanazo, ndiyo. Bando nani anawanunulia?

Tupige hesabu, maana nadhani wanaotoa majibu ya namna hii hawajawahi kuipiga. Video ya kiwango cha kawaida, ile 480p ambayo unaona jezi lakini namba ya mgongoni unakisia, inakula kama MB 500 kwa saa. Tuseme MB moja ni shilingi 2. Hapo saa moja ya kutazama ni buku. Mwanafunzi anayetaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku na kipindi kimoja baada yake, saa moja tu kwa siku, mwezi ukiisha ametumia shilingi 30,000. Bumu la chakula na malazi, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, kwa wale wanaolipata, ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa hiyo mtoto wa watu aachane na chakula cha siku tatu ili ajue nchi yake inaendaje. Akitaka picha safi, gharama inazidi mara mbili. Mechi moja yenye nyongeza ya dakika na mapumziko inamaliza GB nzima, na ikikatika katikati kwa sababu mtandao umeelemewa, MB zilizokwenda hazirudi.

Sasa tutazame ule ukumbi unaogeuzwa stoo. TV ya inchi 43 inakula wati 80 hivi. Iwashe saa nne kila jioni, kila siku, mwezi mzima: yuniti 9.6. Yuniti moja ya LUKU kwa wateja wa kawaida ni kama shilingi 357. Jumla haifiki shilingi 3,500 kwa mwezi, kwa bloku zima! Wasichana mia wakikaa pale jioni, kila mmoja ametumia umeme wa shilingi 35 kwa mwezi. Hakuna bando duniani litakalofika hapo. Na hiyo shilingi 3,500 ndiyo chuo kinaona heri kiiokoe, kisha kila mwanafunzi atoe 30,000 yake mfukoni.

Chaneli zenyewe ziko hewani. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa Dar, tukawa tumeingia dijitali kabla ya nchi nyingi za Afrika, na sote tuliambiwa tununue king'amuzi. Wazazi wetu walilalamika, lakini wakanunua. Ahadi iliyoandamana na king'amuzi cha antena ilikuwa kwamba kifurushi kikiisha, chaneli za ndani zisizolipiwa zinabaki. Ndiyo maana mwaka 2018 kulizuka mvutano mkubwa, chaneli hizo zikaondolewa kwenye ving'amuzi vya dishi kwa kuwa leseni za kampuni za ving'amuzi hivyo zilikuwa za matangazo ya kulipia, huku za antena zikiendelea kuzibeba. Mawimbi hayo yanapita juu ya paa la kila hosteli nchini usiku na mchana. Mwanafunzi aliyelala chini ya paa hilo anafungua YouTube, anatazama taarifa ya habari ileile ya kituo kilekile, na analipia kila dakika. Jambo hili linanikera kuliko yote. Tumewafikisha mahali pa kununua kwa MB kitu ambacho taifa linawapa bure.

Niliishi hosteli. Machi 24, 2019, Taifa Stars walicheza na Uganda pale Uwanja wa Taifa, wakitafuta kufuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1980. Sisi hatukuwa na hela ya kiingilio wala nauli, tulikuwa na ukumbi wa TV wenye mabenchi ya mbao na feni mbovu. Msuva alipofunga, benchi letu lilivunjika. Erasto Nyoni akapiga penalti, Aggrey Morris akamalizia la tatu, na watu ambao hatukuwa tumewahi kusalimiana tulikuwa tumekumbatiana tunalia. Dada mmoja wa mwaka wa tatu, mkali, ambaye wote tulimwogopa, alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, mimi nilikuwa sijazaliwa mara ya mwisho." Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amezaliwa 1980. Baada ya siku ile nilikuwa na mtu wa kumwomba noti za masomo. Urafiki ule haungezaliwa kwa kila mtu kujifunika shuka na simu yake.

Najua kuna watakaosema TV inapoteza muda wa kusoma. Hao wapite tu, simu ipo mkononi saa 24 na haijawahi kuzimwa na wodeni saa nne usiku.

Ninachotaka kisikike ni hiki cha wasichana. Hosteli ikifunga ukumbi wa TV, watu hawaachi kutazama. Wavulana wanakwenda kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kutazama mpira kwa kiingilio. Wanalipa jero au buku, wanabanana kwenye kiti cha plastiki, wanarudi. Si pazuri sana, lakini wanapo pa kwenda. Mechi za Ulaya za katikati ya wiki, miezi ya baridi kule kwao, zinaanza saa tano usiku kwa saa zetu na zinakwisha karibu saa saba. Ni msichana gani atatoka kwenye kibanda saa saba usiku, apite uchochoroni, afike getini, amkute mlinzi aliyekwishafunga? Na akifika salama, kesho atatungiwa jina. Nimeshasikia yanayosemwa kuhusu mabinti wanaokwenda vibandani. Kwa hiyo haendi. Anabaki na bando lake la shilingi 500, anasoma matokeo kwenye magrupu, na wakati wa mjadala wa mpira anaambiwa mpira si wa wanawake. Tumemfungia mlango, halafu tunamcheka kwamba hajui kilichomo ndani.

Halafu kuna wanafunzi viziwi, ambao sijaona tangazo lolote la hosteli likiwakumbuka. Taarifa ya habari yenye mkalimani wa lugha ya alama kwenye kona ya picha, itazame kwenye simu ya inchi sita uone. Yule mkalimani anakuwa mdogo kama ukucha, na kwa 240p vidole vyake vinageuka ukungu. Kwenye skrini kubwa anasomeka, na mwanafunzi anapata habari sawasawa na mwenzake bila kusubiri mtu amsimulie.

Wodeni ana hoja zake na baadhi ni za kweli. Nyaya za majengo mengi zimechoka, na vyumba vilivyopangiwa wanne vinalaza saba kwa kubebana. Kila mmoja akija na TV yake, soketi zitaungua. Wizi upo. Kelele wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zinaumiza, mimi mwenyewe nilishawahi kugombana na watu waliokuwa wakishangilia goli wakati nina mtihani asubuhi. Lakini tuwe wakweli kuhusu umeme. Hita ya wati 1,500 ikipasha ndoo ya maji kwa dakika kumi imekula umeme ambao TV ndogo ya wati 30 ingekula kwa zaidi ya saa nane. Anayetaka kuokoa waya na aanze na hita. Na kama sababu ya kukataza TV vyumbani ni usalama, basi hiyo hiyo ndiyo sababu ya kuuacha ukumbi wazi. Huwezi kufunga vyote viwili kwa tangazo moja.

Kwa wale ambao hosteli zao zinaruhusu TV chumbani, au wamepanga mtaani Changanyikeni, Sinza, Mabibo, Ng'ong'ona kule Dodoma, njia rahisi ni kuchanga. Watu wanne, TV ndogo ya mtumba, king'amuzi kimoja cha antena. Msinunue cha dishi kama mnapanga chumba cha muda, maana kufunga dishi kunahitaji ruhusa ya mwenye nyumba na fundi, na mkihama mnalipa upya. Antena iwekeni dirishani, mbali na ukuta wa zege na mabati, kisha mzunguke nayo taratibu mkitazama kiwango cha mawimbi kwenye menyu. Sentimita chache tu zinaweza kuleta tofauti. Waya mrefu kupita kiasi unapunguza nguvu ya mawimbi, kateni unaotosha. Kifurushi cha kulipia kinunuliwe kwa zamu, na tena si kila mwezi: mwezi wa mechi kubwa lipieni, mwezi wa mitihani acheni, chaneli za ndani zitawatosha.

Wi-Fi ya chuo tusiizungumzie, jioni kila mtu yupo humo. Muvi za kujaziwa kwenye flashi ni rahisi lakini si habari, na waliozitengeneza hawapati kitu. Redio ya FM kwenye simu haili hata MB moja, na nashangaa ni wangapi hawajui simu zao zinayo. Chomeka waya wa masikioni usikilize.

Hapa niseme jambo lililo pembeni kidogo. Januari 2016 Serikali ilipotangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena vikao vya Bunge mubashara kama zamani, sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Wengi tulipiga kelele, na nadhani tulikuwa sahihi, kwa sababu raia ana haki ya kumwona mbunge wake akizungumza, pamoja na kukohoa kwake na kusinzia kwake. Sasa nauliza, vijana wanaosoma sheria, uchumi na sayansi ya siasa wataitazama wapi hotuba ya bajeti mwezi Juni? Hotuba ile inachukua saa kadhaa. Kwa bando haitazamiki. Kwa hiyo wanasubiri vipande vya dakika moja vilivyokatwa na mtu mwingine, kwa nia anayoijua yeye, na ndivyo wanavyoijua bajeti. Mhadhiri anaweza kuwapeleka darasa zima ukumbini, wakae, waandike, wabishane papo hapo. Somo kama hilo halihitaji projekta wala mgeni rasmi.

Na AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Taifa Stars watacheza nyumbani. Si kila mwanafunzi atapata tiketi, na wengi wako Mbeya, Mwanza, Morogoro, Iringa, mbali na viwanja. Ningependa siku hiyo kila hosteli ya umma na ya binafsi iwe na chumba kimoja chenye TV inayowaka. Ninaomba hivyo kwa dhati kabisa, kama mtu aliyepata bahati ya kuwa kwenye chumba cha namna hiyo Machi 2019.

Kwa hiyo viongozi wa serikali za wanafunzi, kikao chenu kijacho na mshauri wa wanafunzi pelekeni jambo hili kwa maandishi. Ada ya malazi mnayolipa itoe TV moja kwa kila bloku, ifungwe ukutani ndani ya kizimba cha nondo kama zile za stendi, ili wizi usiwe kisingizio. King'amuzi kiwe cha antena kwanza. Kwa mechi za Ligi Kuu na za kimataifa zinazolipiwa, chuo kizungumze na kampuni husika kipate kifurushi cha taasisi, kisha gharama igawanywe kwa idadi ya vitanda; mtaona inavyokuwa ndogo. Sauti izimwe saa nne usiku siku za kawaida, na wiki mbili za UE chumba kifunguliwe kwa taarifa ya habari peke yake. Siku za mechi za usiku wa manane wasichana waruhusiwe kukaa humo mpaka mwisho, bila kuandikwa majina na bila kuulizwa maswali, kwa sababu wako ndani ya geti lao. Rimoti ikae kwa mwakilishi wa bloku, na ratiba ya wiki ibandikwe mlangoni, ili wa Simba, wa Yanga, wa habari na wa tamthilia za Kituruki kila mmoja ajue zamu yake ni lini.