Madesa ya bure yanatosha kwa mitihani ya CLEP?

Tangu mwaka 1967 taasisi ya Marekani iitwayo College Board imekuwa ikitoa mitihani ya CLEP. Unakaa mbele ya kompyuta, mara nyingi kwa dakika 90, na ukipata alama 50 katika kipimo cha 20 hadi 80, chuo kinachoitambua mitihani hiyo kinaweza kukuandikia krediti (vipimo vinavyohesabiwa kuelekea digrii) za kozi ambayo hukuwahi kuikalia darasani. Mitihani iko 34. Ada ya mmoja inakaribia dola 100, na kituo cha kufanyia kinaweza kuongeza ya kwake. Kozi ileile ya krediti tatu, hata kwenye komuniti koleji (chuo cha bei nafuu cha miaka miwili), inaweza kumeza dola mia kadhaa.

Ndiyo maana Waswahili wa Marekani, hasa wale wanaokesha wakihudumia wazee na mchana wanatafuta digrii, hawabishani sana kuhusu faida ya CLEP. Wanabishania madesa, yaani vitabu na vifaa vya kujiandaa na mtihani. Wapo wanaosema vya bure vimejaa tele, na anayenunua kitabu anatupa hela. Wengine wanasema bora ulipie programu iliyopangwa vizuri, ufaulu mara moja, uendelee na maisha. Mimi niko upande wa bure, ila naona watetezi wake wanaitetea vibaya.

Karata yao kubwa ni Modern States, shirika lisilo la faida lenye kozi za mtandaoni za kumwandaa mtu kwa CLEP bila malipo. Ukimaliza kozi na maswali yake unaweza kuomba vocha ya kulipia ada ya mtihani wenyewe. Baada ya hapo, kumshawishi mtu atoe dola 200 za maandalizi ni kazi ngumu. Kuna pia vitabu vya OpenStax kutoka Chuo Kikuu cha Rice: saikolojia, sosholojia, uchumi, serikali ya Marekani, vyote vya kupakua bure. Halafu kuna maktaba ya mtaa. Maktaba nyingi za umma hulipia hazina za mazoezi ya mitihani, CLEP ikiwemo, na mwenye kadi huingia akiwa nyumbani. Wengi wetu tunapeleka watoto kuazima vitabu vya picha kila Jumamosi na hatujawahi kumuuliza mkutubi swali hilo.

Lakini hebu mtu afungue kitabu cha sosholojia cha OpenStax. Kina sura 21. Akisoma kuanzia ya kwanza, kila sura ataipa usiku wake, kana kwamba zote zina uzito sawa. Mtihani hauko hivyo. College Board yenyewe inachapisha mgawanyo: matabaka ya jamii asilimia 25, michakato ya kijamii asilimia 25, taasisi asilimia 20, mtazamo wa kisosholojia asilimia 20, na kundi la mada linalobaki asilimia 10 tu. Mgawanyo huo haulipiwi hata senti, na kwa maoni yangu unazidi kozi yoyote ya kununua. Ajabu ni kwamba watu huuruka wakitafuta video. Anayechapisha ukurasa huo na kuutumia kuchagua sura za kusoma amejipatia bure sehemu kubwa ya kile ambacho kampuni za maandalizi zinauza, yaani mpangilio.

Kuna tabia nyingine tuliyotoka nayo nyumbani. Aliyepitia NECTA au KNEC anajua kwamba kubukua maana yake ni kukusanya mitihani iliyopita na kuikokotoa mpaka maswali yaanze kujirudia. CLEP haina utamaduni huo. Mitihani iliyofanyika haimwagwi mitaani kila mwaka, na anayekuuzia "maswali halisi" ama ni tapeli ama anakuweka kwenye hatari ya kufutiwa matokeo. Kinachokaribia mtihani uliopita ni mwongozo rasmi wa College Board wenye maswali ya sampuli. Hapo ndipo natoa pochi. Maswali ya kozi za bure yanakuonyesha kama uliifuata video. Sampuli rasmi inakuonyesha kama uko tayari. Ifanye kwa saa, bila kupumzika, kabla hujaweka tarehe.

Wanaotetea kulipia wana hoja moja nzito, nayo haihusu ubora wa video. Ni kufeli. Ukianguka, huruhusiwi kurudia mtihani uleule mpaka ipite miezi mitatu. Kwa mtu ambaye kozi hiyo ndiyo imebaki kabla ya kuhitimu, miezi mitatu inaweza kumkokota hadi muhula mwingine, na pesa alizookoa kwenye maandalizi zinaonekana kichekesho. Hoja hiyo naikubali. Ila dawa wanayoiandika siikubali, kwa sababu programu nyingi hutoza kwa mwezi, na maisha ya shifti hayafuati mwezi. Wiki hii una zamu nne za usiku, wiki ijayo mwenzako anaumwa unabeba mbili zake, na kadi ya benki inaendelea kukatwa. Kitabu kilichotumika ukikinunua kinakusubiri. Toleo la zamani la aljebra halichachi.

Mtihani mmoja unanifanya nigeuze msimamo: College Composition, ule wa uandishi wa Kiingereza. Humo unaandika insha mbili, na hakuna video inayoweza kukwambia kwamba aya yako ya pili haina hoja. Unahitaji mtu asome ulichoandika. Kama una rafiki anayefundisha Kiingereza, mwombe. Kama huna, mlipe mtu, na usione aibu.

Kuna na wasiohitaji madesa mengi ya aina yoyote. Mkongo au Mrundi aliyesoma kwa Kifaransa hadi sekondari anaweza kuvuna krediti za mwaka mzima wa lugha kwa kujizoesha tu umbo la maswali. Kiswahili, kwa bahati mbaya, hakimo. Lugha za CLEP ni Kifaransa, Kihispania na Kijerumani.

Kabla ya yote hayo kuna orodha ya mitihani ya CLEP ambayo chuo chako kinaikubali. Wanaosomea unesi ndio huumia hapa. CLEP haina mtihani wa anatomia na fiziolojia, na ule wa baiolojia hauzibi pengo hilo. Saikolojia, sosholojia na makuzi ya binadamu ndiyo yenye nafasi ya kupokelewa, na hata hayo kila chuo kina masharti yake. Muulize msajili, tena upate jibu kwa barua pepe. Kama Pell Grant, ruzuku ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa kipato cha chini, tayari inakulipia karo yote ya komuniti koleji, usitegemee CLEP ikuokolee pesa nyingi. Inakuokolea muda, na krediti zake hazihesabiwi katika zile 12 za kukufanya mwanafunzi wa muda wote muhula huo. Mwenye viza ya mwanafunzi naye anabanwa na hesabu hiyohiyo ya 12, ingawa kwake, anayelipa karo ya wageni, kila mtihani anaofaulu una thamani kubwa zaidi.