Mtindi wa Mokowe unabebeshwa kosa la jodari

Kuna ujumbe unazunguka kwenye simu za watu hapa Amu, yaani Lamu: mtindi una kemikali ziitwazo histamini na tiramini, ni sumu, watoto wasipewe. Mama ninayenunua kwake Mokowe, karibu na gati, sasa anarudi nyumbani na nusu ya dumu.

Ujumbe ule haukutungwa wote. Bakteria wengine hugeuza histidini, kijenzi kimoja cha protini, kuwa histamini, na tirosini, kijenzi kingine, kuwa tiramini. Ukichemsha chakula kilichokwisha kuharibika, bakteria watakufa lakini histamini itabaki vilevile. Naye anayegandisha maziwa kwa mabaki ya mtindi wa juzi, ndani ya chombo kisichosafishwa vizuri, hawezi kujua amepanda bakteria gani. Hayo nayakubali.

Ila tuulize ni kiasi gani. Mwaka 2011 wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya walikadiria kwamba mtu mwenye afya anaweza kula miligramu 50 za histamini kwa mlo mmoja asidhurike. Tiramini, miligramu 600. Mtindi hulala usiku mmoja au mbili tu, protini yake haijapata muda wa kuvunjika sana. Jibini iliyokaa miezi ndiyo hukusanya kemikali hizi kwa wingi. Sasa mtazame jodari. Kikomo cha histamini cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa samaki wa aina yake ni miligramu 200 kwa kilo. Kipande cha robo kilo kilichofika hapo tayari kina zile 50, na jodari aliyeshinda juani bila barafu huvuka hapo hata kabla hajanuka. Sheria ya Ulaya yenyewe imewawekea kikomo cha histamini samaki, si maziwa. Sisi tunamkimbia mwenye dumu, tukimpita jodari aliyelazwa juu ya gunia tangu asubuhi!

Yule mama huchemsha maziwa mpaka yafure mara mbili, huyaacha yapoe, ndipo hutia mtindi kidogo na kufunika sufuria. Asubuhi huiinamisha: maji yakijitenga pembeni na mtindi ukakatika kama mkate wa sinia, anauza. Ukitoa povu, anamwaga. Kule kuchemsha mwanzoni ndiko kunakoua brusela, bakteria wa maziwa mabichi wanaoambukiza watu, na kugandisha peke yake hakutoshi kuiua. Kama ujumbe ungesema watu waache mtindi wa maziwa mabichi, ningeusambaza mimi mwenyewe.

Wapo wanaohitaji tahadhari zaidi: wanaomeza isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, ambayo huuzuia mwili kuvunja histamini na tiramini. Wengine wao wamepatwa na wekundu wa uso, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio baada ya kula jodari au jibini. Hao waambiwe wanapopewa dawa, tena wakitajiwa jodari kwa jina, maana ndiye aliye sahanini mwao hapa kisiwani.